Hemedy wa Chumbi na Ubao wa Maji

Mgeni rasmi, Dkt. Elinipendo, kiongozi wa utafiti wa namna binadamu anavyofikiri na kukata shauri, Mheshimiwa Diwani, wazee wetu na wageni wote: Assalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

MAKARIBISHO

Sisi wakulima wa mpunga wa Mbuchi tumefurahi mno kukuona. Boti ilipokwama kwenye matope ulishuka ukatembea nasi, viatu mkononi. Hapo tukasema, huyu atatusikiliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

HISTORIA

Mwaka juzi vijana wako walikuja na maswali. Bi Nasra Gharibu, aliyekuwa akitusomea ubao wa kupimia maji ya mto kwa miaka kumi na moja, aliketishwa wa kwanza. Akaulizwa: wakazi wote wa Chumbi wanalima mpunga, Hemedy anakaa Chumbi, je, Hemedy analima mpunga?

Bi Nasra akaitazama mikoko.

"Mwanangu, huyo Hemedy mie simjui. Nitamsemeaje mtu sijamuona?"

Wakamsihi afuate maneno tu. Yeye akauliza kama Hemedy ni mzima wa afya, maana mtu aweza kukaa Chumbi naye mgonjwa, shamba akalilima mkewe. Kijana akaandika: ameshindwa.

Mgeni rasmi, tangu siku ile Hemedy hajatutoka. Bi Nasra humuota yuko ng'ambo ya maji, jembe begani, anataka kusema jambo, kisha ukungu unamfunika. Nasi wengine tumemuota, kila mmoja kwa sura yake.

MAFANIKIO

Tulimtafuta. Bi Nasra alituma salamu kwa lori la mpunga, majibu yakarudi: Chumbi wako Hemedy watatu. Mmoja analima mpunga. Wa pili ni fundi cherehani, hajapata kushika jembe. Wa tatu ni mtoto, alizaliwa mwezi uleule wa maswali. Tulicheka mpaka machozi.

CHANGAMOTO

Ripoti ya vijana wako ilifika ofisi ya maji kabla ya salamu kurudi. Ilisema Bi Nasra na wenzake hawawezi kukata shauri kwa hoja. Basi daftari la maji, alimokuwa akiandika namba za ubao, likachukuliwa kwake, akapewa Bwana Twalha mwenye duka, aliyejibu maswali yote ishirini bila kosa.

Aprili iliyopita mvua ilinyesha siku nne. Twalha aliliona tope la njiani, akafikiri: juzi maji yalikuwa mita mbili, jana mita mbili, basi na leo ni mita mbili. Akaandika, akapiga simu ofisini, hakwenda mtoni, nasi tukakosa onyo. Hoja ilinyooka, ila maji hayakuisikia. Tukiwa kwenye madungu, vile vibanda vyetu vya nguzo mashambani, tuliiona miche yetu inaondoka polepole kama mtu atembeaye usingizini, mibichi, ikielekea baharini. Hakufa mtu, Alhamdulillahi. Lakini tulilia.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Bi Nasra ni hizi: kwa miaka kumi na moja hakuandika namba asiyoiona kwa macho yake. Siku alizougua aliuacha mstari mtupu. Hata sasa kila asubuhi huenda akasimama mbele ya ubao, akaisoma namba kwa sauti, akarudi nyumbani. Hana pa kuiandika, na hilo linatuuma sana.

MAOMBI

Tunaomba daftari lirudi kwa Bi Nasra kabla ya masika. Neno lako ofisini litatosha, kwani ripoti yako ndiyo iliyomwondoa. Tena pale palipoandikwa "ameshindwa" pafutwe, yaandikwe maneno aliyoyasema. Hatusemi maswali yenu ni mabaya. Tunasema kwamba aliyekataa kumsemea mtu asiyemjua ndiye tunayemtaka atusomee maji.

Mwenyezi Mungu akufikishe kwako salama, na mto ukupishe. Amina.

Ni sisi, wakulima wa mpunga wa Mbuchi.

Imesomwa mbele yako na Twalha Seleman, mwenye duka, kwa ombi lake mwenyewe.