Mama Katungu Lucie na Ndoa Iliyotangazwa Vakansi Tatu

Leo Jumapili, tarehe 31 Agosti 2014, Mama Katungu Lucie anaweka chini kazi ya kusimamia shughuli za vakansi na kusoma matangazo katika parokia yetu ya Kianglikana ya Mapendo, hapa Goma. Aliianza tarehe 1 Julai 1994. Ni miaka ishirini na miezi miwili, na hiyo miezi miwili nayo ni ya vakansi, kwa maana mama huyu hajawahi kupumzika wakati wengine wanapumzika. Mimi, Aubin Bashige, mwalimu wa kwaya, nimeombwa kuandika maneno haya kwa sababu kiti chake kiko mbele kidogo ya benchi letu. Kwaya ndiyo inayoujua mgongo wake kuliko mtu yeyote, na mgongo wa Mama Katungu nao husema.

Wageni walio kati yetu wajue kwamba vakansi ya Goma ni Julai na Agosti. Mvua imekatika, vumbi jeusi la volkeno linaingia mpaka ndani ya sahani, shule zimefungwa, na kila mwenye jambo analileta kanisani: arusi, kipaimara, kambi ya watoto, mashindano ya kwaya, mkutano wa Umoja wa Mama, ibada ya mavuno. Yote yalipita mikononi mwake. Ndiye aliyejua nani ana sufuria kubwa, nani ataleta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na nani huleta tumbo tu. Asiyejua kusema hapana alipokutana naye Jumamosi sokoni, Jumapili alisikia jina lake likitangazwa mbele ya watu wote kwamba atachota maji.

Alizaliwa Lubero katika familia ya Kikatoliki, akaletwa kwetu na mumewe, marehemu Papa Onésime, seremala aliyetengeneza mabenchi tunayokalia. Ndugu zake walimtania miaka mingi kwamba Waanglikana wameiba mtu. Yeye alijibu kwamba hakuna aliyemwiba, ni kwamba huku walikosa mtu wa kuwapangia mambo. Atakayebisha na alete ratiba ya parokia hii kabla ya mwaka 1994.

Ratiba yake ya kwanza haikudumu hata majuma mawili. Katikati ya Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliujaza mji, barabara zikafungana kwa watu, na kipindupindu kikafuata nyuma yao. Masufuria ya kambi ya watoto yakageuka ya kuchemshia maji. Vijana wa kwaya, mimi nikiwa mmojawao, tulipanda na bidoni za maji kutoka ziwani mpaka sauti zikatukauka. Pasta wa wakati huo alimwambia afute mashindano yetu. Mama Katungu akasimama Jumapili, mbele ya mabenchi yaliyokuwa yamelaliwa na wagonjwa, akasema: "Mashindano haifutwe. Inasogezwa tu." Mwaka huohuo, majirani walipoanza kupona na mji kupata pumzi, tuliimba. Tuliimba vibaya sana, lakini tuliimba.

Toka hapo neno kufuta halikusikika tena kinywani mwake. Vita ya 1996 ilisogeza kipaimara. Vita ya 1998 ikasogeza mkutano wa akina mama. Mlima ulipotapika mwaka 2002 na kanisa letu kuungua, watoto walifanya kambi Agosti ile juu ya mawe meusi, wakirudi nyumbani na soli za viatu zimekatika, na wazazi wakalalamika kwa furaha. Kila jambo alilolitangaza lilikuja kufanyika, hata kama lilichelewa. Hicho ndicho kitu alichojivunia, na tukubali kwamba alijivunia kidogo kupita kiasi.

Mama Katungu alipaswa kustaafu Agosti 2012. Keki ilikuwa imekwisha kuagizwa. Akaja mbele ya baraza la parokia, akasema hawezi kuondoka akiwa ameacha tangazo moja linaning'inia. Tangazo lenyewe lilikuwa la ndoa ya Joviale na Jephté.

Joviale ni binti wa Muzee Birindwa, karani mstaafu aliyehamia hapa kutoka Bukavu, na ndiye sauti ya kwanza katika kwaya yangu. Jephté ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kiwanja, karibu na Rutshuru. Kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, na kila mara msomaji huuliza kama kuna mtu anayejua kizuizi. Ya kwanza na ya pili zilisomwa salama. Jumapili ya tatu ilikuwa tarehe 8 Julai 2012, siku ambayo Rutshuru ilianguka mikononi mwa waasi. Tulipokuwa tunatoka ibadani, watu wa kwanza waliokimbia walikuwa wanafika Munigi, kando ya mji, na magodoro kichwani. Barabara ya Kiwanja ikafungwa, na simu ya Jephté ikanyamaza.

Ndoa ikasogezwa Desemba. Kwa desturi yetu, tangazo la ndoa likipita miezi mitatu bila arusi huanza upya, na Mama Katungu si mtu wa kuruka desturi. Mwezi wa Novemba akaanza tena kutoka mwanzo. Alikuwa amesoma mara mbili wakati mji wenyewe ulipoanguka na nusu ya parokia ikakimbilia makambi ya upande wa Lac Vert. Je, mara ya tatu isomwe kanisani, ambako walibaki wazee wawili na mlinzi? Alishika njia kwa miguu, akaenda Lac Vert, akawakusanya Waanglikana katikati ya mahema, akasoma. Baadhi ya wajumbe wa baraza waliona ni kosa, tangazo husomwa ndani ya kanisa. Pasta Ndayambaje aliamua kwamba penye waumini pana kanisa, na kama kuna anayetaka kubishana, aende akabishane huko huko kwenye mahema.

Desemba ikapita bila bwana arusi. Wakati huo watoto wa Mapendo walikuwa wamelishika tangazo lile kwa moyo, wakiruka kamba huku wakiimba majina ya Jephté na Joviale. Wimbo wa arusi tulioufundisha 2012 ulikuwa umezeeka pia: vijana walioingia kwa sauti nyororo walikuwa wamebalehe, ikabidi niwahamishie besi. Tulicheka, lakini Joviale hakucheka. Aliimba kila Jumapili akitazama mlango, na mimi niliyesimama mbele yake nikipiga mkono wa tempo, niliumia.

Julai 2013 Mama Katungu akaanza tena. Alipofika pale pa kuuliza kizuizi, Muzee Birindwa akasimama. Kanisa lote likageuka. Hakuna aliyewahi kusimama hapo tangu parokia ianze.

"Miye niko na kizuizi," alisema. "Kizuizi ni vita, mama. Mutoto wangu anazeekea mu matangazo. Na wanasema ule kijana alisha kufa."

Mama Katungu alivua miwani. Sisi wa nyuma yake tuliona mabega yanashuka, kisha yanapanda.

"Muzee Birindwa, ikala kwanza. Vita haiko kizuizi ya ndoa. Kizuizi ni undugu wa damu ao bibi mwingine. Kama kijana alikufa, mutu alete habari ya kweli, tutamulilia. Kama hakukufa, iko mahali anaishi."

Muzee hakukaa. Alichukua kofia yake akatoka, na kwa siku nyingi hakumsalimu. Tusimlaumu, alikuwa baba. Habari kwamba Jephté amekufa ilikuwa imemfikia kwa njia mbili tofauti, na alitaka binti yake aruhusiwe kulia, kisha aruhusiwe kuishi. Baraza lilikutana, likawasikiliza wote wawili, likatoa uamuzi: mwisho wa vakansi ile, kama hakuna habari, tangazo litafutwa. Ndivyo lilivyosema, litafutwa. Mama Katungu alitoka mkutanoni bila kuaga, jambo ambalo si tabia yake.

Siku chache baadaye akina mama wa Umoja wa Mama walikuwa na safari ya kupeleka sabuni na nguo kwa wakimbizi wa Kongo walioko Uganda, upande wa Kisoro. Barabara yetu ilikuwa imefungwa, kwa hiyo walizunguka kwa Gisenyi, ndani ya Rwanda. Mama Katungu, aliyekuwa amepangwa kubaki na kambi ya watoto, alijipanga upya mwenyewe. Wazo lake lilikuwa rahisi: desturi inataka ndoa itangazwe kwa bibi arusi na kwa bwana arusi pia, kila mmoja mahali anapoishi. Kama Jephté alikuwa hai, basi yuko kati ya wakimbizi. Kwa hiyo kanisa la wakimbizi ndilo kanisa lake, na hapo tangazo lilikuwa halijasomwa hata mara moja. Jumapili ile, chini ya hema, mbele ya watu wengi, alilisoma. Akauliza kizuizi. Akataja namba yake ya simu, kama anavyofanya hata anapotangaza mazishi. Hakuna aliyejitokeza.

Alirudi Goma amechoka kabisa. Mwenzake wa safari anasema kwamba kutoka Kisoro mpaka mpakani hakupanga jambo lolote, na kwamba hilo liliwatisha akina mama kuliko wanajeshi.

Kumbe mwinjilisti wa kule kambini naye alikuwa mtu wa desturi. Mara moja si tangazo, ni lazima mara tatu. Jumapili ya pili akasoma. Ya tatu pia, na akawaomba wainjilisti wenzake wa kambi nyingine, zile kubwa za mbali, wasome na wao, maana huenda bwana arusi amehamishiwa huko.

Simu ilipigwa katika juma la mwisho la Agosti 2013, juma lile mabomu yalipokuwa yakiangukia mitaa ya mji. Mama Katungu alikuwa amewaingiza watoto wa kambi ndani ya kanisa na anawagawia maharagi ili mawazo yao yashughulike na kitu kingine. Namba ilikuwa ya Uganda. Alisikiliza, akaweka mwiko chini, akapita katikati ya watoto mpaka kwa Joviale aliyekuwa anaosha sahani, akamshikisha simu. Joviale hakusema alo. Alisema kwa sauti ya kwanza, sauti yote: "Weye mutu, ulikuwaka wapi?" Kisha akakaa chini sakafuni akalia, na watoto wote wakalia naye bila kujua sababu.

Jioni hiyohiyo Mama Katungu alikwenda mwenyewe kwa Muzee Birindwa. Waliyosemezana hatuyajui. Tunachojua ni kwamba Jumapili iliyofuata muzee alikuwa benchi la mbele, na kwa kofia yake amemwekea mtu nafasi, na mtu huyo alikuwa Mama Katungu.

Vita hiyo iliisha Novemba 2013. Jephté alirudi Kiwanja mwanzoni mwa mwaka huu pamoja na mama yake, akakuta darasa lake halina mlango wala ubao, akafundisha hivyo hivyo mpaka shule zilipofungwa. Mwezi huu tangazo limesomwa Jumapili zake tatu, na jana, Jumamosi tarehe 30 Agosti, ndoa ikafungwa. Nakiri nilichelewesha maandishi haya mpaka nitoke arusini. Wachapishaji wamenikasirikia, lakini katika mji huu nilitaka kwanza nimwone bwana arusi kwa macho yangu.

Mezani Jephté aliomba kusema. Si msemaji, alishika kitambaa cha meza muda wote. Alieleza kwamba simu yake ilichukuliwa njiani alipokimbia, na huko kambini akaambiwa Joviale amekwisha kuolewa na mfanyabiashara wa Butembo. Ndiyo sababu hakumtafuta tena. "Nikasema, nitamuaribia mutoto wa watu nyumba yake," alisema. "Sasa ile siku sikuingia hata mu kanisa, nilikuwa inje napanga mustari ya maji. Nasikia mwinjilisti anaita jina yangu na jina ya Joviale, pamoja. Nikajua bado. Sababu hawawezi tangaza bibi ya mutu." Hata wapiga ngoma walikuwa wanafuta macho.

Kwetu chakula hakiguswi kabla ya matangazo, kwa hiyo watu wote, bila kuambiwa, wakamgeukia Mama Katungu. Alikuwa ameketi na wageni wa heshima kwa mara ya kwanza katika arusi zote tulizofanya, kati ya mama ya Jephté na Muzee Birindwa. Akainuka polepole. Akatutazama mmoja mmoja.

"Sina tena tangazo," alisema. "Byote bimefanyika. Mukule."

Mama Katungu, parokia ya Mapendo inakushukuru. Inakushukuru kwaya uliyoifanya iimbe ikiwa na njaa, wanakushukuru akina mama, wanakushukuru watoto wa mawe meusi ambao leo wana watoto wao. Keki safari hii imefika kweli. Keshokutwa gari la maarusi linapanda Kiwanja, na wamekuachia kiti mpaka huko, kisha utaendelea Lubero kwa dada yako ambaye hujamwona tangu ulipoanza kazi hii. Barabara iko wazi. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na majirani wasiokujua bado. Hii ni vakansi yako ya kwanza, mama yetu mpendwa. Tafadhali usiipangie ratiba.