Dakika Moja ya Kelele kwa Stoyna

Wasikilizaji wapendwa, kama redio yenu iko sebuleni, ibebeni. Ipelekeni jikoni. Kumbukumbu ya leo ni ya jikoni, na mwishoni nitawaomba mshike kitu kilichoko huko huko.

Tunamkumbuka Stoyna Velichkova wa kijiji cha Slivovik. Stoyna, mke wa Metodi. Stoyna wa kijani! Moyo wake ulisimama mwanzoni mwa machipuko, bado amevaa mkononi uzi wetu wa desturi, mwekundu na mweupe, akingoja mti wa kwanza utoe maua ili aufungue uzi huo na kuutundika. Arobaini yake ilipita wiki iliyopita. Nilikuwepo makaburini, na nimerudi na doa la kijani kwenye shati. Sijalifua.

Yote yalianza na ngazi. Ilikuwa msimu wa kuchuma cheri, na Metodi alikuwa juu ya mti wake mkubwa kuliko yote.

"Shuka, mzee," Stoyna alimwita. "Hizo za juu waachie ndege."

"Ndege ndio waliopanda huu mti?"

Akanyoosha mkono kwa cheri moja zaidi. Ngazi ikateleza. Metodi akatua kwa kidevu, na taya likavunjika. Hospitalini wakamfunga meno kwa waya, ya juu na ya chini pamoja. Mdomo ukawa lango lililotiwa kufuli.

Mnamfahamu Metodi. Ni mtu wa kumaliza sahani nzima ya pilipili hoho za kuchoma na kuuliza nyama iko wapi. Sasa alipewa mrija. Supu aliionja, akaisukuma kando. "Maji ya kuoshea vyombo," alisema kupitia waya. Maziwa akayakataa. Uji akaukataa. Mkanda wa suruali ukatobolewa tundu jipya, kisha jingine. Daktari akamwambia Stoyna bila kuzunguka: akiendelea kukonda hivi, atarudi kitandani hapa na kulishwa kwa mpira wa puani.

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani, wapendwa. Metodi anywe, au arudi hospitalini. Anywe, au arudi.

Binti yao Bilyana akaja kutoka mji wa Plovdiv na blenda. Haikuwa mpya; kishikizo cha kifuniko kilikuwa kimekatika. Stoyna aliizunguka kama mtu anayekagua punda sokoni. Kisha akaenda bustanini na kisu, akarudi na beseni limejaa majani.

Glasi ya kwanza ilikuwa na kabichi, kitunguu saumu na yale majani yawashayo ya kando ya uzio. Metodi alinusa mrija.

"Mimi si kondoo."

"Kondoo angekuwa amemaliza," Stoyna akajibu.

Hakunywa. Stoyna akaimwaga glasi kwenye nyanya, akaanza upya. Na hapa ndipo ninapompenda mwanamke huyu kwa moyo wote! Hakulia wala hakubembeleza. Alikaa jikoni kwake kama mhunzi, akaitafuta dawa ya mdomo uliofungwa. Aligundua kwamba nyuzi za majani ndizo zinazoziba mrija. Kwa hiyo akasaga majani na maji peke yake kwanza, mpaka nyuzi zote zikapotea, ndipo akatia tunda. Yale majani yawashayo akayamwagia maji ya moto, kisha ya baridi, yakatulia kabisa. Kabichi akaifukuza. Mahali pake akaweka spinachi changa na vile vijani vichachu vinavyoota malishoni. Juu yake tofaa, ndizi, mtindi, limau kidogo na asali. Kwa sababu kifuniko hakina kishikizo, alikigonga kwa kiganja mara mbili kikae, ndipo akawasha. Akatunga na wimbo ili asisahau mpangilio, akauimba juu ya kelele za mashine, Metodi akisikia chumbani:

*Maji kwanza, jani pili,*
*tofaa, kisha asali,*
*gonga kifuniko mbili,*
*unywe, uache ukali!*

Metodi aliendelea na ukali wake. Asubuhi moja Stoyna akatia konzi ya cheri, zile zile za mti uliomwangusha. Nyekundu na kijani zikazaa rangi ya matope. Gyurga, jirani yao, alikuwa amesimama mlangoni, na ndiye aliyenisimulia.

"Mwanangu, ile glasi ilionekana kama kitu kilichotoka chini ya trekta. Nikamwambia, Stoyna, hiyo hata mimi sinywi, na mimi taya langu ni zima."

Lakini Metodi alinusa harufu ya cheri zake. Akafumba macho. Akavuta. Akavuta tena. Halafu, wasikilizaji, mrija ukakoroma! Ule mkoromo wa glasi iliyokauka! Gyurga anasema Stoyna alirusha kitambaa mpaka juu ya kabati.

"Nyingine?" akamuuliza.

Metodi akatikisa kichwa huku na huku, ile ndiyo yetu sisi ya huku kwetu. Ndiyo, nyingine!

Toka siku hiyo Slivovik iliamka kwa blenda ya Stoyna. Pa, pa, kiganja juu ya kifuniko, kisha ngurumo. Watu waliacha kutega saa. Waya zikatolewa, taya likapona, hoho zikarudi mezani, lakini Metodi hakuiacha glasi yake. Hospitalini hakurudi. Nasema tena: hakurudi.

Kisha ikaja ile vuli ambayo kijiji kizima bado kinaicheka. Bilyana alijifungua, na Stoyna akaenda Plovdiv kumsaidia. Metodi akabaki na bustani iliyojaa spinachi na baridi iko njiani. Sasa niambieni, mwanamume wa kwetu akiona mboga na baridi inakuja, anafanya nini? Anachukua chupa za kioo! Hoho kwenye chupa, nyanya kwenye chupa, maboga kwenye chupa. Metodi akasaga bustani nzima, akajaza chupa, akazipanga kwenye pipa uani, akawasha kuni chini yake na kuzichemsha nusu siku, kama tunavyofanya sote. Alitaka mkewe arudi akute kijani cha kumtosha mpaka machipuko. Ilikuwa zawadi.

Zilitoka pipani na rangi ya kiatu cha jeshi. Yeye akazishusha kwenye ghala la chini, akazifunika na blanketi.

Sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mwezi wa Desemba, Stoyna ameshasafiri kurudi nyumbani, wageni wamekaa mezani, samaki katikati, mara chini ya sakafu: pu! Kisha pu, pu! Kijani kilikuwa kimechacha, na chupa zinapasuka moja baada ya nyingine. Kasisi akafanya ishara ya msalaba. Shemeji mmoja akalala chini ya meza. Metodi akashuka ghalani na tochi, akapanda akiwa ametapakaa tope la majani mpaka kwenye nyusi.

Stoyna alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akamfuta uso kwa aproni yake, akamwambia maneno ambayo Metodi ameyarudia kwangu kila tulipoonana: "Mzee wangu, kijani hakingoji. Kinanywewa kikiwa hai."

Machipuko yakaja. Stoyna hakuyamaliza.

Utepe mweusi ukafungwa langoni, picha yake ikabandikwa mlangoni na kwenye nguzo karibu na duka. Metodi akaifunika blenda kwa kitambaa. Asubuhi zikawa kimya, na mkanda wa suruali ukarudi kwenye yale matundu ya zamani. Mkate mkavu na kikombe cha pombe ya matunda, basi. Taya lake lilikuwa zima. Safari hii hapakuwa na waya wa kulaumu.

Bilyana alimtengenezea glasi kwa mpangilio ule ule. "Baba, onja tu."

Akainamisha kichwa. Hapana.

"Baba, nimeshamzika mama. Usinirudishe pale makaburini mwaka huu huu!"

Akainamisha tena.

Lakini arobaini ina sheria zake, nanyi mnazijua. Anayekumbuka marehemu hugawa chakula alichokipenda marehemu, naye mgawaji ndiye huonja kwanza. Ngano ya kuchemsha Gyurga aliipika. Mkate Bilyana aliuoka. Na kile alichokipenda Stoyna? Metodi alilala na swali hilo, akaamka nalo. Kulipopambazuka akaenda bustanini na kisu.

Gyurga alikuwa anawatoa kuku nje aliposikia ngurumo. Akakimbia na ndala, moja ikabaki kwenye matope. Alipofika mlangoni, dari ilikuwa ya kijani, pazia la kijani, na Metodi amesimama katikati, kijani kikimtiririka masikioni.

"Mzee Metodi! Kifuniko umegonga mara mbili?"

"Mara moja."

"Ah, na wimbo wote ule!"

Wakatazamana. Metodi akaanza kutetemeka mabega. Gyurga alidhani analia. Alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu utepe ule ufungwe langoni. Alicheka, halafu akalia kidogo, halafu akaenda kukata majani mengine.

Pa, pa. Akawasha. Akajaza glasi, akaivuta kwa mrija ingawa hakuhitaji mrija tena. Bilyana alikuwa ameamka, amesimama ngazini na mtoto begani. Akausikia mkoromo.

Makaburini Metodi alitugawia mwenyewe, kikombe kwa kikombe, kutoka kwenye ndoo ya maziwa. Tulisema Mungu amrehemu, tukanywa. Kasisi akaondoka na ndevu za kijani. Mimi nikaondoka na hili doa.

Kwa Metodi, kwa Bilyana, kwa mjukuu na kwa jirani Gyurga, poleni sana. Poleni kutoka kwetu sote wa kituo hiki na wa bonde lote.

Nanyi wapendwa, jiulizeni: ni nani nyumbani kwenu aliyefunga mdomo, na nani anazunguka jikoni kumtafutia cha kunywa? Mshukuruni leo, angali anasikia.

Desturi ni kumaliza kwa dakika moja ya kimya. Nilimpigia Metodi jana kumwomba ruhusa. "Kimya?" akaniuliza kwa hasira. "Mimi ninacho kimya cha kutosha, kijana. Usimpe Stoyna kimya!"

Kwa hiyo simameni mbele ya blenda zenu. Jani limo? Maji yamo? Viganja juu ya vifuniko, bonde zima, kwa pamoja. Gongeni mara mbili.

Washeni!