Mbarouk Matar wa Kambi ya Barafuni

Bismillahi. Ndugu zetu mliofika, mjane wa marehemu, Ummukulthum, yumo ndani ya eda, na ndiye aliyeagiza haya yasomwe mbele yenu bila kufichwa.

Marehemu Mbarouk Matar alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 3 Mei 1946, akasoma chuo cha Kurani na skuli huko huko Wete, na baada ya Mapinduzi akaja Landani mwaka 1965, akafanya kazi stesheni ya Stratford, kisha mwaka 1969 akaingia jeshi la anga la Uingereza, akafundishwa kazi ya rada.

Alimuoa Ummukulthum tarehe 12 Agosti 1972, wakahamia Edmonton, wakajaaliwa watoto wawili, Kijakazi na Juma.

Kuanzia 1978 hadi 1984 alipelekwa mara kwa mara kwenye kambi iliyo karibu na Ncha ya Kaskazini, barafu tupu, kazi yake kukodolea macho kioo cha rada na kufuata kila ndege iliyopita, na kila akirudi likizo alisema "huko kwetu", akimaanisha kambini, si Wete wala Edmonton, na mkewe akachomeka roho kama aliyetajiwa mke mwenzake. Wivu ulizidi akija Gurdial, Singasinga wa Nakuru aliyekuwa naye zamu moja, wakacheka wawili sebuleni kwa mambo ambayo yeye, mwenye kuwapikia chai, hakuyajua.

Machi 2009 marehemu alipata kiharusi, ulimi ukawa mzito, Gurdial akawa anakuja kila Ijumaa, mpaka Ummukulthum akamwambia asije tena, maana siku zilizobaki alizitaka ziwe zake peke yake. Lakini mgonjwa akawa anautazama mlango tu, chakula hakishuki, basi mkewe akainua simu mwenyewe, akamwita Gurdial, akamtaka amsimulie yote ya huko kambini.

Gurdial akaeleza kuwa Ramadhani za kule jua halikuzama, na Mbarouk alifunga na kufuturu kwa saa ya Edmonton, humwachia yeye Gurdial kioo cha rada, husema sasa Kulthum yuko mezani, ndipo hutia tende mdomoni.

"Shemeji," akasema, "miaka yote ile, mimi ndiye niliyekuwa nikikuonea wivu wewe."

Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 7 Septemba 2009, mwezi kumi na saba Ramadhani, mkono mmoja ameushika mkewe, wa pili Gurdial, na Ummukulthum amempa radhi zote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, jamaa wa msikitini na wenzake wa jeshini. Leo jua likizama watoto watafuturu nyumbani, na Gurdial ameomba tende alete yeye.

Mbarouk, mkeo ameagiza uambiwe kwamba kwenu ni hapa. Mola akupumzishe kwa amani.