Fundi Nitarudi na Skrubu ya Mwisho

Ndugu, jamaa na majirani, kabla ya yote: ukisikia kiti chako kinalia, usishtuke. Marehemu ndiye aliyekitengeneza. Familia imenikabidhi mimi, mtoto wa kaka yake, kuandika na kusoma wasifu huu, kwa sharti kwamba nisitanie sana na kwamba, safari hii, nimalize nilichoanza. Wanaojua habari za diploma yangu wameelewa.

Baba yetu mdogo alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, kitindamimba wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala. Bibi alitusimulia kwamba mkunga alimpiga kofi la kwanza, akanyamaza. La pili, akatoa kisauti kama mtu anayeomba radhi kwa kusumbua. Walizaliwa wawili tu: baba yangu, aliyetangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu, na yeye. Baba naye si msemaji. Ukiwaweka wawili hao chumba kimoja, mwenye maneno mengi alikuwa saa ya ukutani.

Mwaka 1964 alianza shule ya msingi. Muhula wa kwanza ulipokwisha, mwalimu alimwita Bibi akamwambia, "Mama, mwanao sijawahi kumsikia. Ila dawati lake ndilo pekee lisiloyumba." Muhula wa pili watoto wakaanza kumletea vishikizo vya mikoba, kandambili zilizokatika na miwani ya mwalimu mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyopata marafiki. Wenzake walikuwa wanaulizana majina, yeye alikuwa anauliza, "Imekatikia wapi?" Baadaye alisomea ufundi, akahitimu mwaka 1976 na cheti chenye sifa nzuri. Nalitaja hilo kwa sababu wengi wenu, kwa kazi mlizoziona, mna mashaka.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kitengo cha matengenezo cha hospitali, akatumikia humo mpaka alipostaafu mwaka 2017. Vitasa, bawaba, mabomba, magurudumu ya vitanda, vyote vilipita mikononi mwake, na vingi vilirudi kupita tena. Huko ndiko alikopewa jina la Fundi Nitarudi. Alikuwa akimaliza kazi anafunga mfuko wake wa vifaa, anafika mlangoni, anageuka: "Imekaa vizuri. Ila kuna kaskrubu kamoja. Nitarudi." Na alirudi. Akipewa chai alikunywa akiwa amechuchumaa kando ya bomba, anaulizia watoto huku analitazama bomba. Ukimwambia, "Fundi, leo hakuna kibovu, kaa tu kwenye kiti tuzungumze," alikaa ukingoni kama mtu anayesubiri matokeo ya vipimo, kisha akakumbuka ana kazi mahali.

Mama Mdogo alimpata hivyohivyo. Alikuwa mshonaji wa mashuka ya wodi, na cherehani yake ilikwama. Fundi akaja, akatengeneza. Wiki iliyofuata ikakwama tena. Ikawa hivyo mpaka wagonjwa wakaanza kujifunika mashuka yenye pindo upande mmoja. Mwishowe, mkuu wa stoo akatishia kuleta cherehani mpya. Mama Mdogo akaona maji yamefika shingoni. Akamwambia, "Kaka, nisikilize. Cherehani hii ni nzima. Nailegeza mwenyewe asubuhi kabla hujaja."

Marehemu alifuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Najua. Na mimi nailegeza kabla sijaondoka."

Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984. Mama Mdogo anasema hiyo ndiyo posa yote aliyopata, na kwamba cherehani ilipona kesho yake.

Alikuwa baba mwema kwa njia yake. Binti yao alipoolewa mbali, marehemu alimpigia simu kila Jumapili. "Bomba lenu vipi?" "Zima, baba." "Haya." Simu imekatwa. Siku moja Mama Mdogo akamvizia binti pembeni, akamwambia, "Mwanangu, sema linavuja! Hujui kama baba yako ana hamu na wewe?" Jumapili iliyofuata lilivuja. Jumatatu marehemu alikuwa ndani ya basi na mfuko wake mapajani, anatabasamu peke yake hadi abiria wa pembeni akahama kiti.

Sasa nifike kwenye ule mlango, maana wengi mmekuja na hadithi zenu kuhusu kilichotokea kati yake na baba yangu. Mnaosema walipigana, hawakupigana. Mnaosema ni mambo ya shamba, shamba lenyewe hatuna.

Nyumbani kwetu kulikuwa na mlango wa jikoni, na marehemu alikuja kuutengeneza kila Jumamosi. Aliinua bawaba, Baba akashikilia ubao, na katika kushikilia huko wakaambizana yote waliyokuwa nayo, ambayo hayakuzidi sentensi nne. Mama yangu akachoka. "Mlango gani huu unahudhuria kliniki kama mwenye kisukari?" Baba, kwa kutaka amani, akaita fundi mwingine. Akaweka mlango mpya, na kitasa kipya, asubuhi moja.

Jumamosi marehemu akafika na mfuko. Akaufungua mlango. Akaufunga. Akaufungua. Haukulia.

"Umepata mtu," akasema.

"Nimepata."

"Amefanya vizuri."

"Karibu chai."

"Hapana, kaka, nina kazi."

Hakuwa na kazi yoyote. Mama Mdogo anasema alirudi nyumbani akaifungua feni nzima, akaitandaza sakafuni vipandevipande, akaitazama mpaka giza likaingia.

Hakukanyaga kwetu kwa miaka sita. Baba alisema, "Amenuna. Mwanamume mzima anaununia mlango!" Kwa marehemu mambo yalikuwa mepesi zaidi. Mama Mdogo alimsukuma mara ngapi: "Nenda kwa kaka yako."

"Kwake hakuna kilichoharibika. Nikafanye nini?"

"Ukamsalimie!"

"Haya. Nikishamsalimia?"



Kisha siku moja tukasikia kishindo jikoni. Tukamkuta Baba amesimama na nyundo, kitasa kipya kinaning'inia kwa uzi wa chuma. Akatutazama. "Kimeharibika chenyewe," akasema. Mama akamwambia sawa, mpigie ndugu yako simu. "Ataona alama ya nyundo," Baba akajibu. Basi akakaa kusubiri ndugu yake apate habari kwa upepo. Mlango tukawa tunaufunga kwa kamba. Ndugu wawili, mitaa mitatu tu kati yao, mmoja ana kibovu, mwingine ana bisibisi, na kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze.

Mwaka jana miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Aliificha kwa soksi nene mpaka figo zilipokataa kufichwa. Tarehe 3 Mei mwaka huu alilazwa katika hospitali ileile aliyoitumikia, kwenye kitanda kilichokuwa kinalia kila akigeuka. Muuguzi mkuu, aliyemfahamu tangu zamani, akamwambia, "Mzee, kitanda hiki si ulisema utarudi kukimalizia?"

"Si nimerudi?"

Habari za ugonjwa zilipofika kwetu, Baba aliinuka. Alikwenda jikoni, akafungua kamba, akang'oa kitasa, akakitia kwenye mfuko wa plastiki. Alipofika wodini alisimama miguuni pa kitanda. Hakusema pole. Hakusema nisamehe. Akauweka mfuko juu ya shuka.

"Hiki kinanisumbua."

Marehemu akakitoa, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hiki kimepigwa nyundo."

"Upepo."

"Upepo uliokuwa na nyundo."

"Basi kinatengenezeka au hakitengenezeki?"

"Vuta kiti," akasema marehemu.

Mama Mdogo akatoka nje kwenye korido. Anashikilia kwamba alikuwa anacheka. Tumwamini.

Kuanzia hapo Baba alikwenda kila alasiri. Walikitandaza kitasa kwenye sinia ya chakula. "Shika springi." "Nimeshika." "Umeshika vibaya." "Ni springi yangu." Muuguzi alilalamika juu ya grisi kwenye mashuka, akasema hapa ni wodi ya wanaume, si gereji, na hakuna aliyemsikiliza. Katika kushika na kushikilia, nasikia walimkumbuka Bibi, wakabishana ni nani aliyevunja taa yake, wakacheka mpaka marehemu akakohoa. Jambo la mlango mpya walilizungumza mara moja tu. Baba alisema, "Yule fundi hakuwa mzuri hivyo." Marehemu akasema, "Alikuwa mzuri. Hiyo ndiyo iliyonishinda."

Tarehe 12 Juni Baba alikuta kitasa kimeunganishwa, ufunguo unazunguka kama mpya. Anasema hakufurahi. "Umemaliza?"

Marehemu alikigeuza mkononi. "Kuna kaskrubu kamoja," akasema. "Njoo kesho."

Alifariki tarehe 13 Juni asubuhi, usingizini, Mama Mdogo akiwa kando yake. Simu zetu hazikumpata Baba, maana tayari alikuwa njiani. Alifika saa yake ya kawaida, na bisibisi mfukoni.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja na mkwe mwenye bomba lisilopona, mjukuu wa kiume ambaye jana tu amefumua redio ya watu, kaka mmoja, shemeji anayeuomba radhi hadharani ule mlango wa zamani, mimi, na hospitali nzima inayolia ikiguswa. Kitasa kimerudi jikoni kwetu. Kinafunga vizuri. Tundu moja halina skrubu, na Baba ameapa kwamba atakayeitia atakuwa amejitoa kwenye ukoo.

La mwisho ni ombi kwa seremala, ambaye yuko nasi hapa. Asubuhi ya leo, wakati wa kufunga jeneza, kaka wa marehemu aliomba bisibisi akafunga mwenyewe. Utaona skrubu moja, upande wa kulia karibu na kichwa, imesimama nusu. Tafadhali usiikaze. Hakusahau. Alipoulizwa alisema, "Iacheni. Nitarudi."

Apumzike kwa amani Fundi wetu, na avute kiti.