Kimya cha Nyundo ya Papa Marcellin Cirhuza

Papa Marcellin Cirhuza alizaliwa Nyangezi tarehe 3 Septemba 1965, baba yake fundi mwashi, mama yake mkulima. Jumatatu alikuwa anapiga nyundo. Leo Jumamosi tumemleta hapa. Mtuwie radhi tukisoma tukikwama, maana sisi wa familia wenyewe bado hatujaamini.

Masomo ya msingi aliyapata Nyangezi. Ya sekondari na ya ualimu wa biolojia aliyamalizia hapa Bukavu mwaka 1989. Kisha alifundisha shuleni, mtaa wa Kadutu, hadi 2019. Siku moja aliokota hadubini mbovu iliyotupwa, akaitengeneza, na hapo ndipo uchongaji ulipomteka. Kitu kisichoonekana kwa macho alikichonga kwa mti wa mkaratusi na vyuma vya magari yaliyokufa, kikajaza meza nzima: chavua ya kahawa, jicho la nzi, seli za damu. Jirani yetu, maman Virginie, alikuta mnyama wa chuma uani, ana makucha, akaruka nyuma.

"Papa Marcellin, hii iko nyama gani?"

"Iko chawa, maman. Alitoka mu nywele ya mutoto wako."

Virginie alinuna wiki nzima, kisha akaanza kuwaleta wageni wake wamwone chawa.

Tarehe 19 Agosti 1995 Marcellin alifunga ndoa na Domitille, wakajaliwa watoto watatu. Nyumba yao ilikuwa na sheria moja. Nyundo ikilia, ingia karakana, uliza, omba hata chumvi. Nyundo ikinyamaza, usigonge mlango: papa yuko kwenye hadubini, na upepo wa mlango tu hupeperusha anachokiangalia. Domitille ndiye aliyekuwa askari wa sheria hiyo.

Ugonjwa wa kusimulia hatuna. Alikuwa na presha, na dawa alimeza. Jumanne tarehe 11 Juni 2024, asubuhi, nyundo ilinyamaza. Domitille akazima redio, akafukuza kuku, akamrudisha mgeni langoni: "Rudia kesho, papa iko naangalia." Chakula cha mchana akakifunika. Jioni Larissa, kifungua mimba wao, akafika kutoka kazini.

"Maman, papa alikula?"

"Bado. Iko naangalia."

"Tangu asubui?"

Larissa akasukuma mlango. Baba yake alikuwa ameketi, paji la uso juu ya meza, mwili umekwisha kupoa. Chini ya hadubini palikuwa na unyoya wa kuku.

Tangu siku hiyo Domitille anarudia neno moja tu: "Nilizani nachunga kazi yake, kumbe nilikuwa nachunga maiti." Basi tunalisema mbele ya wote, naye asikie. Daktari alituambia moyo ulisimama ghafla, na hata yeye daktari angekuwa ameketi pembeni asingemrudisha. Domitille hakukosea. Alimlindia mumewe kimya alichokipenda kuliko chakula, na tunamshukuru.

Marehemu ameacha mjane, Domitille, watoto Larissa, Élie na Micheline, wajukuu wanne, dada yake Agnès, na unyoya wa chuma alioufikisha nusu.

Kabla udongo haujashuka, Domitille ameomba agonge jeneza, mara moja tu. Tunyamaze wote, agonge. Asipojibiwa, basi Marcellin wetu apumzike kwa amani.