Mzee Elias Luhende na Picha Isiyo na Rili ya Mwisho

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Kayenze leo, Alhamisi tarehe 11 Juni 1998, kumsindikiza Mzee Elias Luhende, haya ndiyo maisha yake kwa ufupi.

Mzee Elias alizaliwa hapa hapa Kayenze tarehe 17 Agosti 1938, mtoto wa nne wa Mzee Kashindye Luhende na mama Kija. Alisoma mpaka darasa la nne, mwaka 1951, akatolewa shule ili achunge ng'ombe wa baba yake. Ng'ombe walimshinda. Mwaka 1957 alikwenda Mwanza mjini, akapata kazi ya kufagia jumba la sinema, na kufika 1962 yeye ndiye aliyekuwa anaendesha mashine.

Enzi hizo filamu zilikuja na kurudi kwa treni, mkanda umezungushwa kwenye rili, na kila rili ndani ya kopo lake. Oktoba 1966, akifunga mzigo wa kurudisha, Mzee alichukua rili ya mwisho ya picha moja ya Kizungu, ya mapenzi na vichekesho, isiyo na rangi hata kidogo, akaitia kwenye kopo la picha ya Kihindi iliyokuwa inakwenda Tabora. Haikuonekana tena. Wenye filamu wakaandika kwamba picha isiyo na mwisho hawaitaki. Tajiri wake akamwambia, "Luhende, mwisho umeupoteza wewe, basi utausema wewe."

Akausema kweli, miaka ishirini na sita. Picha yenyewe ilikuwa ya mama mwenye nyumba asiyetaka kelele na mpangaji wake mpiga tarumbeta. Wanagombana mwanzo mpaka mwisho, na ukumbi mzima unaona wanapendana, isipokuwa wao wenyewe. Mpangaji anafungiwa nje, mvua inamnyeshea, mara filamu inakwisha. Hapo Mzee anashuka na kipaza sauti, anamalizia kwa Kiswahili na Kisukuma, kila Jumamosi kivyake. Picha za rangi zilikuja, za ngumi zikaja, lakini hiyo watu hawakuichoka. Juzi tu hapa msibani, Mzee Chenge wa Mkolani na Bi Winnie wa Buhongwa walibishana kama yule mama alifungua mlango au dirisha, mpaka wakacheka, kisha wakaziba midomo.

Humo ukumbini ndimo alimopata mke, Bernadeta Kokulinda, karani wa tiketi za meli, binti wa Mzee Kahigwa wa Bukoba. Siku moja binti huyo alimsubiri Mzee mlangoni.

"Wewe kaka mwongo sana. Wiki iliyopita alimfungulia, leo kammwagia maji?"

"Njoo Jumamosi, dada, uone kama amekauka."

Alikuja. Walifunga ndoa tarehe 6 Februari 1971, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1992 jumba liliuzwa, likawa ghala la saruji. Mzee alirudi nyumbani kwake Mkolani, huko huko Mwanza, na mashine moja na makopo ya ile picha, akaviweka chini ya kitanda. Mwaka 1994 mwanawe wa pili, Antoni, aliyeacha shule kidato cha pili, alifungua banda la video Buzuruga. Banda lilikuwa na umeme na ukuta mweupe. Mzee hakuhitaji kingine.

"Antoni, nipe Jumamosi moja tu. Niwaonyeshe watu ile picha kabla sijazeeka."

"Baba, Jumamosi ndiyo siku ya ngumi. Nani atakaa aangalie vitu visivyo na rangi?"

"Mama yako atakaa."

"Basi ijayo, baba."

Ijayo ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Mzee hakugombana. Kila mwezi alitoa makopo, akaipitisha filamu vidoleni, akafuta vumbi, akaunga palipokatika, akayarudisha.

Mwaka 1996 aligundulika ana kisukari. Macho yakaanza kufifia, na kufika Novemba 1997 hakumtambua mtu mpaka aseme. Machi mwaka huu Antoni alimwendea akamwambia Jumamosi ya tarehe 14 ni yake, watu wameshaalikwa.

Mzee alimshika mkono. "Ahsante, mwanangu. Sasa mimi nitaangalia nini? Wawekee watu ngumi zao."

Mama naye alisema peke yake hatakwenda. Mzee hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa afadhali.

Mwezi Mei figo ziligoma, akalazwa. Alifariki Jumanne tarehe 9 Juni, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mjane, Bernadeta; watoto Wilhelmina, Antoni na Felicitas; na wajukuu wanne. Familia inawashukuru wote mliomuuguza na mliokesha nasi.

Antoni ndiye anayewasomea karatasi hii. Hana la kujitetea. Jumamosi zilikuwa nyingi, zote zilikuwa mikononi mwake, na akawapa watu wengine.

Mungu ampe Mzee Elias pumziko lenye amani.