Mama Generoza na Tangazo Lililotoweka Kabla ya Mazishi

Tarehe 30 Juni 2025 Mama Generoza anastaafu, baada ya kuitumikia Redio Ufukweni, hapa Rumonge, kwa miaka ishirini na miwili. Miaka hiyo yote alishika meza ya matangazo ya watu: vifo, harusi, mbuzi waliopotea, mitumbwi iliyokatika kamba. Mkurugenzi ameniomba mimi, Mardochée wa kipindi cha jioni, niandike maneno machache ya kumuaga. Ameniomba pia nisitie chumvi. Nitajaribu.

Mama Generoza alikulia uhamishoni, upande wa Kigoma, akarudi nyumbani akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha sisi sote. Alirudi pia na shaka. Hakuamini mtu wala kitu kabla ya kukichunguza. Ukileta tangazo la kifo, alikuuliza jina la marehemu mara mbili, akisubiri ujikanyage. Siku moja aligoma kutangaza harusi mpaka bibi harusi aje mwenyewe aseme kwamba anaitaka. Bibi harusi akaja, akasema haitaki. Tangu hapo hakuna aliyemcheka tena.

Lakini mwaka jana, majira ya mvua, shaka hiyo nusura ituvunje.

Matangazo mengi siku hizi huja kwa barua pepe, yameambatishwa. Mama Generoza alizoea kuyafungua palepale kwenye ujumbe, akisahihisha majina ya watu na ya vilima wanakotoka, akihifadhi, akifunga. Jioni Elda, fundi wetu wa mitambo, binti wa familia iliyotoka Kivu ya Kusini, aliketi kwenye kompyuta ileile, akachapa yaliyokwisha kusahihishwa, nami nikayasoma hewani.

Asubuhi moja akaingia Jean Bosco, mvuvi wa Magara. Hakusalimia hata amahoro.

“Mama yangu amezikwa,” alisema. “Nimesikia sokoni, kwa muchuuzi wa mawese. Musinifiche: ndugu yangu aliwapa nini?”

Tulijua habari zake. Yeye na mdogo wake Pontiani, aliyekuwa akiishi na mama yao huko kijijini Gatete, walikuwa wameacha kupigiana simu tangu kesi ya shamba ianze. Mama alipofariki, Pontiani aliapa kwamba alituma tangazo redioni, kwa sababu kaka yake hakosi kusikiliza matangazo ya jioni. Mimi ndiye niliyesoma jioni ile. Katika karatasi nilizopewa, jina la mama yao halikuwemo.

Mama Generoza akafungua kompyuta. Ujumbe wa Pontiani ulikuwepo, na tangazo lilikuwemo vilevile alivyolituma. Lile alilolisahihisha yeye ndilo halikuonekana popote.

“Nililitengeneza kwa mikono yangu,” alisema. “Kuna mtu amelifuta.”

Kisha ikajulikana kwamba Elda amepanga chumba katika ua wa Pontiani. Hapo tukaanza kutazamana. Wengine walisema Pontiani alituma tangazo ili aonekane ametuma, halafu akamtuma mpangaji wake alifute, kaka asifike kwenye mazishi na kusema habari ya shamba mbele ya watu. Lilikuwa jambo rahisi sana kuliamini. Mama Generoza, aliyerudi kutoka uhamishoni kama Jean Bosco, aliliamini kuliko wote.

“Mama, naapa mbele ya Mungu, sikugusa kitu,” Elda alilia. “Nilichapa vyenye nilikuta.”

Tangu siku hiyo, Elda akimaliza kuchapa, Mama Generoza alibeba kipanya cha kompyuta nyumbani kwenye mkoba wake, amekizungushia kitenge, na asubuhi akakirudisha. Chai ya saa nne kila mtu aliinywa peke yake. Mimi mwenyewe nilianza kufunga droo yangu, ambayo haina kitu. Na bado matangazo yaliyokuja kwa barua pepe yaliendelea kupotea.

Mkurugenzi akaamua kumwachisha Elda kazi. Aliyemzuia ni Mama Generoza.

“Bado,” alisema. “Sijamkamata.”

Haikuwa huruma. Hakutaka kuhukumu asichokiona. Akangoja siku ambayo Elda amekwenda Bujumbura kwa ruhusa, akajifungia chumbani na ufunguo mfukoni. Alifungua tangazo, akasahihisha jina, akahifadhi, akafunga. Akalitafuta. Halipo. Akarudia. Halipo. Alipotoka uso ulikuwa umembadilika, akampigia Elda simu hukohuko barazani, sote tukisikia.

“Rudi, mwanangu. Mwizi yuko ndani ya mashine. Nimekusingizia.”

Kesho yake waliketi pamoja, na Elda akaliona tatizo. Ukifungua kiambatisho, programu ya barua pepe hutengeneza nakala ya muda na kuiweka pembeni. Nakala hiyo ndiyo Mama Generoza aliyokuwa akiisahihisha bila kujua. Zamani ilikaa siku kadhaa kabla ya kufutwa, ndiyo maana Elda aliikuta jioni kwenye orodha ya mafaili ya karibuni. Tangu programu ilipojisasisha, iliifuta mara tu ulipoifunga, wakati mwingine hata kabla hujafunga ukurasa. Dawa ilikuwa kulihifadhi tangazo kwanza kwenye folda yetu, ndipo ulifungue.

Mama Generoza alituita sote. Alisimama mbele ya Elda, akamwomba msamaha kwa jina lake, bila kuisingizia mashine. Kisha wakachukua kompyuta ya kubebeka, wakaenda Magara, wao wawili.

Elda ndiye aliyenisimulia yaliyotokea huko. Jean Bosco aliwasikiliza amekunja mikono.

“Mashine munaweza kuifundisha uongo,” alisema.

“Basi ifundishe wewe,” akajibu Mama Generoza, akamsogezea.

Mvuvi akaliandika jina la mama yake katika tangazo, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Akahifadhi, akafunga. Walipolitafuta, halikuwepo. Akalitafuta tena yeye mwenyewe.

“Kumbe Pontiani alinitafuta,” alisema.

“Alikutafuta. Sisi ndio hatukukufikishia.”

Siku ya kumaliza matanga Jean Bosco alikwenda Gatete. Mama Generoza alikuwepo, na anasema ndugu wale waliketi benchi moja. Kesi ya shamba bado iko kwa bashingantahe, wazee wa usuluhishi, lakini sasa ndugu hao wanapigiana simu, hata kama ni kugombana.

Kuanzia Julai meza ya matangazo ni ya Elda. Mama Generoza mwenyewe ndiye aliyempendekeza. Nilimwuliza Elda kama kweli amemsamehe, maana na mimi nimejifunza kushuku.

“Watu wengi walinisema, papa Mardochée,” alijibu. “Yeye peke yake alirudi kuniomba musamaha.”

Nilikuwa miongoni mwa hao wengi, na siku hiyohiyo nikamwomba na mimi msamaha.

Mama Generoza, murakoze, asante sana. Mungu akujalie afya, wajukuu wasiokudanganya, na usingizi usio na mashaka. Sisi unaotuacha tutakukumbuka kwa upendo.